Umri wa Jiwe Si Umri wa Mlima: Kusoma Matabaka ya Miamba ya Kigoma

Tulikuwa kwenye basi, tumetoka Kasulu tunaelekea Manyovu, tukafika mahali barabara ilipochongwa ubavuni mwa kilima ikaacha ukuta wa mawe mekundu yenye mistari. Mzee aliyekaa mbele yangu akagonga kioo kwa ukucha. "Mnaona? Maji ya Nuhu yalifika hapa. Kila mstari ni siku moja ya maji kupungua." Kijana wa kiti cha pili akakataa, akasema ile ni volkano. Mama mmoja mwenye kikapu mapajani akataka kuumaliza ubishi: mawe yanaota tu, yeye huyaokota shambani kwake kila mwaka, na msimu ukifuata yamejaa tena. Kondakta naye akatoa la kwake. Bara linapasuka, ndiyo maana Ziwa Tanganyika limekuwa likipanda na kumeza nyumba za watu. Ameona kwenye simu.

Nikafanya kosa la kusema nimesoma jiolojia kidogo. Macho yote yakanigeukia. Tukafika Manyovu sijamaliza sentensi ya tatu, na mzee akashuka akinipungia mkono wa huruma. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Tuanze na maneno. Mashapo ni chochote kinachotua: mchanga, tope, kokoto, maganda ya konokono. Ukichota maji ya mto wakati wa masika ukayaacha ndooni usiku kucha, asubuhi utakuta tope limelala chini. Hayo ni mashapo. Mashapo yakirundikana, ya juu huyagandamiza ya chini, maji yaliyobeba madini hupenya katikati na kugandisha chembe kama saruji, na baada ya muda mrefu mchanga unakuwa jiwe la mchanga, tope linakuwa jiwe la tope. Tabaka ni mlalo mmoja wa mashapo hayo unaotofautika na ulio juu yake na ulio chini yake. Si lazima liwe la siku moja, wala la mwaka mmoja. Lipo tabaka lililotua kwa saa chache za mafuriko, na lipo lililochukua miaka elfu kufikia unene wa kiganja. Kwa hiyo kuhesabu mistari kama siku, alivyofanya mzee, hakufai.

Sasa nenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo la taka.

Ukilichimba shimo ambalo familia imelitumia miaka kumi, taka za zamani ziko chini na za jana ziko juu. Hilo halihitaji shule, lakini ndilo kanuni ya kwanza ya kusoma miamba, na aliyeiandika kwa utaratibu ni Nicolas Steno, mwaka 1669: mahali ambapo hakuna kilichopindua mambo, tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu. Endelea kuchimba. Kuna kina ambacho ukikifikia unaanza kukutana na mifuko ya rambo, na juu ya hapo karibu hakuna. Huhitaji kumuuliza mtu, kwa sababu mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Jirani yako naye akichimba shimo lake atakuta mpaka uleule, hata kama taka zake ni za aina nyingine. Wanajiolojia hutumia visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, kwa namna hiyohiyo: kiumbe aliyeishi kipindi fulani tu ni rambo lao.

Tuseme tena mtu alichimba kishimo katikati ya taka akapanda mgomba. Kishimo hicho kinazikata taka zote zilizokuwepo, kwa hiyo ni kichanga kuliko zote. Kinachokata huja baada ya kinachokatwa. Na tuseme mwaka fulani baba alichota nusu ya shimo akaipeleka shambani kama mbolea, kisha familia ikaendelea kutupa taka. Ukitazama leo, taka za mwaka 2015 zimelaliwa moja kwa moja na taka za mwaka 2021. Katikati hapana kitu. Shimo halikukudanganya, ila kurasa zake zimechanwa, na usipojua hivyo utadhani 2021 ilifuata 2015. Nakuomba uikumbuke hiyo mbolea ya baba, maana huwezi kuielewa Kigoma bila yake.

Miamba ya matabaka iliyotapakaa mkoani Kigoma, na kuvuka mpaka hadi Burundi, wataalamu wameikusanya chini ya jina la mto wetu, Malagarasi. Vitabu vya zamani viliiita miamba ya Bukoba. Kuelekea chini kuna jiwe la mchanga gumu sana, linaloitwa kwa jina la mji wenyewe: kwatzaiti ya Kigoma. Juu kabisa kuna mawe mekundu ya mchanga na tope, yanayoitwa kwa jina la Manyovu, ukuta uleule tulioubishania. Katikati yake kuna mawe ya chokaa na kuna lava. Kijana wa kiti cha pili, basi, hakukosea kabisa. Volkano zilikuwepo, ila zimelala chini ya mawe mekundu.

Lava hiyo, inayojulikana kama lava ya Gagwe, ina alama inayoitambulisha. Ilipotoka ardhini ilikuwa na gesi, gesi ikaacha matundu kama ya mkate uliochachuka vizuri, kisha madini meupe na ya kijani yakaja polepole kuyaziba. Ukiipasua unaona madoadoa. Wengi huyaona wakadhani wamepata vito.

Na rangi nyekundu ya Manyovu? Ni kutu. Chuma kidogo kilichomo kwenye tope kimekutana na hewa, kikafanya kile kile kinachofanywa na bati la paa lililozeeka. Hapo ndipo maelezo ya mzee yanapoanza kulemewa. Simsahihishi kuhusu Nuhu, hayo ni ya imani yake na ni mkubwa wangu. Nasema tu kwamba ukuta wa mawe unasimulia mambo mengi yaliyopokezana: mchanga uliosafishwa na maji, halafu moto, halafu maji tulivu ya kutuliza chokaa, halafu tope lililopata hewa likashika kutu. Gharika moja haiwezi kufanya kazi zote hizo.

Watu huuliza umri unajulikanaje, na wengi husema "wanapima kwa kaboni". Kaboni haina kazi hapa. Kipimo cha kaboni kinafaa kwa vitu vilivyokuwa hai, kama mkaa, mfupa au mbao, na umri ukizidi miaka 50,000 hivi kaboni inayohesabiwa inabaki kidogo mno kupimika. Miamba ya Kigoma inataka saa nyingine.

Fikiria gunia la mahindi lililoingiwa na dumuzi, limefungwa vizuri. Tuseme dumuzi hula nusu ya mahindi kila msimu: msimu wa kwanza nusu, wa pili nusu ya yaliyobaki, na kuendelea. Mahindi yanayoliwa yanageuka unga, na unga hauna pa kutokea. Ukilifungua gunia ukapima unga na mahindi mazima, utajua limekaa misimu mingapi bila kumuuliza aliyelifunga. Ndani ya lava kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Nusu yake huisha kwa takriban miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa bado uji wa moto, argoni inatoroka. Ikishaganda, gunia limefungwa na hesabu inaanzia sifuri. Vipimo vya aina hii vimeipa lava ya Gagwe umri wa takriban miaka milioni 795. Gunia likitoboka, kwa mfano jiwe likipashwa moto upya, argoni inavuja na saa inadanganya. Ndiyo maana maabara hurudia kipimo kwa sampuli nyingi.

Milioni 795. Hakukuwa na samaki, wala mti, wala mnyama mwenye gamba popote duniani. Kwa hiyo mtu akikuonyesha ganda la konokono akasema amelikuta ndani ya mawe mekundu ya Manyovu, yaelekea amelikuta juu yake tu.

Hapa ndipo kwenye fundo lenyewe, na ndilo lililowavuruga wote mle kwenye basi, nami nikashindwa kulifungua kwa sentensi tatu. Watu wakisikia mawe haya yana miaka karibu milioni mia nane, wanaelewa kwamba milima hii ina umri huo na ziwa lina umri huo. Sivyo. Nyumba iliyojengwa mwaka jana kwa matofali yaliyobomolewa kwenye ghala la wakati wa Wajerumani ni nyumba ya mwaka jana. Umri wa tofali ni kitu kimoja, na umri wa ukuta ni kingine. Mawe ya Kigoma ni ya kale sana, lakini kuta za bonde ambamo ziwa limekaa ni jambo la juzi.

Kilichotokea ni kwamba ukoko wa dunia ulivutwa kutoka pande mbili. Vitabu vilivyobanana kwenye rafu, ukiviachia vya pembeni visogee kidogo, vya katikati vinateleza chini. Ardhi ya katikati iliteleza hivyohivyo kati ya mipasuko, upande wa Kongo na upande wetu ukabaki juu, na maji yakajaza shimo. Hilo ndilo tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Vipimo vyake bado hunishangaza. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu kabisa ni takriban mita 1,470. Toa mwenyewe: sakafu ya ziwa iko mita 700 chini ya bahari. Na hiyo si sakafu ya mwamba. Chini yake kuna mashapo ya unene wa kilomita nne hadi tano. Huku juu, mlima Nkungwe kule Mahale unafika mita 2,462. Mipasuko imeikata miamba ya kale, na kinachokata, tulishakubaliana shimoni, ni kichanga.

Kichanga kiasi gani? Hesabu iliyotumika zaidi ni ya mwashi: ukijua unene wa ukuta na kasi ya kupanga matofali, unajua siku za kazi. Meli zilizopita ziwani miaka ya 1980 zikituma mawimbi ya sauti chini na kusikiliza mwangwi wake zilionyesha unene wa mashapo; sampuli za tope zikaonyesha kasi ya kutua, pungufu kidogo ya nusu milimita kwa mwaka. Gawanya, unapata miaka milioni tisa hadi kumi na mbili kwa sehemu ya katikati ya ziwa. Ni makadirio, kwa kuwa kasi haikuwa moja siku zote, lakini hata ukikosea mara mbili hufiki karibu na umri wa mawe ya Manyovu.

Mto Malagarasi nao unatoa ushahidi. Una aina za samaki ambazo ndugu zao wako kwenye mito ya Kongo, ng'ambo, na ziwani hawapo. Maelezo ya kawaida ni kwamba mto ni mkubwa wa ziwa kwa umri: ulikuwa ukienda zake magharibi hadi Kongo, kisha bonde likafunguka katikati ya njia na kuukata.

Basi kati ya miaka milioni karibu mia nane na milioni kumi, Kigoma ilikuwa inafanya nini? Hiyo ndiyo mbolea aliyochota baba. Huku upande wetu kurasa nyingi hazipo: ama hazikuandikwa, ama mvua na mito imezikwangua. Lakini zipo kwa jirani. Vuka ziwa hadi karibu na Kalemie, bonde la mto Lukuga, utakuta makaa ya mawe, na chini yake mawe yaliyovurugwa na kuachwa na barafu. Barafu, Kongo! Kama miaka milioni 300 iliyopita bara letu lilikuwa limesogelea ncha ya kusini ya dunia. Siwezi kusema barafu ilipita juu ya Mwanga au Ujiji, hapa mjini Kigoma, maana ukurasa huo hapa haupo, lakini kilomita mia na kitu kutoka hapa upo na unasomeka.

Wako pia waliodhani ukurasa uliopotea ni wa bahari. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanabiolojia Mwingereza J. E. S. Moore aliona kwamba konokono wa ziwa hili wanafanana na wa baharini, na kwamba kuna kiwavi wa maji laini kama mwavuli, yule ambaye wapwani humkwepa wakioga. Akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichosahaulika bara. Hoja nzuri kabisa, ila matabaka yaliikana: hakuna mashapo ya bahari hiyo mahali popote pa kuiunganisha na ziwa. Konokono hao walipata maganda mazito humuhumu, kwa kuishi muda mrefu na kaa wanaowavunja. Wazo la Moore bado linatembea mjini, limevaa nguo nyingine: "kama hakukuwa na bahari, chumvi ya Uvinza imetoka wapi?" Maelezo ya wanajiolojia ni kwamba maji ya ardhini hupita kwenye matabaka yaleyale ya Malagarasi, yakayeyusha chumvi iliyobaki humo tangu madimbwi ya kale yalipokauka, kisha yakatoka kama chemchemi. Watu wamepika chumvi pale kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yenyewe ni ya zamani kuliko ziwa.

Nimrudie kondakta. Bara linapasuka, ni kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Ukucha wako unazipita hizo kwa miezi miwili. Mpasuko ukishtuka ghafla tunausikia, kama tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipotokea ziwani. Ila kupanda kwa maji kwa mwaka mmoja au mitano hakutokani na bara kuachana. Bonde likipanuka maji yangeshuka, siyo kupanda. Ziwa hili linakunywa mvua na mito, linapoteza maji mengi kwa jua, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga. Miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea, na ziwa likawa linapanda. Stanley alipopita mwaka 1876 aliukuta umeziba. Mwaka 1878 hivi maji yakaupasua, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita kumi. Kwa mtu mwenye nyumba Katonga au Kibirizi, mita mbili ni msiba. Lakini mwangwi wa zile meli umeonyesha mabonde ya mito yaliyozama na kuta za mmomonyoko mamia ya mita chini ya maji ya leo: kuna nyakati ukame ulilipunguza ziwa hadi mtu angetembea kwa miguu mahali ambapo leo wavuvi wa dagaa hutega taa zao.

Habari hizo zimehifadhiwa vizuri kwa sababu ya kasoro. Kule chini sana ziwani hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna mnyoo wala konokono wa kulivuruga tope. Sehemu nyingine limelala mistari miembamba, mweupe na mweusi: mweupe wa vimea vidogo vya majini vyenye maganda kama kioo, vinavyostawi upepo wa kiangazi ukikoroga maji, na mweusi wa uchafu unaoletwa na mito ya masika. Hapo mistari miwili ni mwaka mmoja. Mzee wa basi angekuwa karibu na ukweli kuliko sote, kama tungekuwa tumepanda boti.

Na mama wa kikapu? Mawe hayaoti. Mvua ya mteremko inakokota udongo laini na kuyaacha mawe, jembe linayageuza ya chini yaje juu. Shamba ndilo linashuka. Nadhani hili angelipokea vibaya kuliko mengine yote.

Atakayetaka kwenda mbali zaidi apande treni ya Tabora. Ni kilomita zaidi ya 400, na unarudi nyuma kwa umri. Ukishaipita Uvinza unayaacha matabaka, na mbele unaanza kuona mawe makubwa ya itale yamekaa kama mitungi iliyopinduliwa. Hayo ni ya uti wa mgongo wa nchi hii, yamezidi miaka bilioni 2.5, na usiyatafutie mistari ya mashapo kwa sababu yaliganda kutoka uji wa moto ndani ya ardhi. Lakini hata huko kuna kichanga cha ajabu: vilima vya Igwisi, si mbali na Urambo, vilivyotemwa na volkano ya kimberlaiti, aina ile ya mwamba unaobeba almasi kwingineko. Vingi vya aina hiyo duniani vina umri wa makumi ya mamilioni ya miaka au zaidi. Igwisi ina kama miaka 12,000 tu, vichanga kuliko vyote vinavyojulikana. Almasi? Kila mtu huniuliza hivyo kwanza. Mwadui ndiko zilikopatikana kwa wingi. Igwisi ni maarufu kwa sababu ya umri wake.

Nyumbani kwa shangazi yangu, Bangwe, kizingiti cha mlango wa jikoni ni bamba la jiwe la mchanga lenye vijimistari vya mawimbi, kama vile unavyovikanyaga majini ufukweni. Mjukuu wake aliuliza nani alivichora. Nikapiga magoti kumwonyesha: mawimbi ya maji ya kina kifupi yakicheza huku na huku huacha mchanga wenye vilele vikali na mabonde ya mviringo. La shangazi lina kinyume chake, vilele mviringo na mabonde makali. Maana yake tunautazama mgongo wa chini, chapa iliyoachwa na mchanga ulioangukia juu ya mawimbi.

"Kwa hiyo fundi ameliweka kichwa chini," nikasema.

Shangazi akalitazama, akalikanyaga mara mbili. "Liache hivyohivyo, mwanangu. Huku ndiko haliteleziki."